Kisu kwa Vidole Vitatu

Mbavu aliingia karakanani bila hodi wala salamu. Aliweka furushi la gazeti juu ya fuawe, lile bonge la kufulia chuma, akarudi nyuma hatua moja, akasimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji tangu kwenye kifundo hadi vidoleni, naye ameubeba kifuani kwa uangalifu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake.

"Fungua," alisema.

Siku zote mwenye bucha huyu alikuwa mtu wa makelele. Jina lenyewe la Mbavu alilipata kwa kuwapigia wapita njia ukelele kwamba mbavu za leo ni za leo kweli, za jana amekula mwenyewe. Akileta visu kunolewa, shikamoo yake kwa mzee mwenye karakana ilisikika nyumba ya tatu. Sasa alisema kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyowatisha waliokuwemo ndani.

Aliyefungua furushi ni Mama Mipini. Ndani mlikuwa na kisu, vipande viwili. Kilikuwa kimekatika katikati ya ubapa, mpini ukabaki na kibutu kifupi kama jino lililovunjika. Mpini ule aliuchonga yeye, miezi miwili iliyopita.

"Nilikuwa natenganisha goti la ng'ombe," Mbavu alisema. "Kitu ninachofanya kila siku ya Mungu. Kikakatika kama biskuti. Mkono ukaenda mbele, ukakutana na hicho kibutu. Daktari anasema mishipa ya vidole viwili imekatika. Hiki na hiki havikunjiki tena." Aliinua bendeji, akaonyesha kidole cha pete na cha mwisho. "Mzee yuko wapi?"

"Nipo," sauti ilitoka nyuma ya tanuri.

Mzee alikuwa baba mkwe wa Mama Mipini, mfua chuma kwa miaka arobaini na moja sasa, mrefu, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya cheche. Alikuja polepole, akavichukua vile vipande. Hakuvipeleka kwenye mwanga wa mlango. Alipitisha kidole gumba pale palipokatika, mara moja, mara ya pili.

Chuma kilichopikwa vizuri kikivunjika, pale mahali huwa laini na kijivu kama majivu yaliyochekechwa. Pale palikuwa na chembe kubwa zinazometa, kama sukari. Na sukari ile ina maana moja tu: kisu kilichomwa kupita kiasi kabla ya kuzamishwa kwenye mafuta. Mama Mipini aliliona hilo kwa jicho moja. Mzee alilisikia kwa kidole.

"Chuma kilikuwa kibaya," mzee alisema. "Springi za magari ya siku hizi hazina maana. Pole sana, mwanangu."

Mama Mipini aliinamisha uso, akajifanya anakunja gazeti.

"Sikuja kuchukua pole," Mbavu alisema. "Nataka kisu. Nataka kitengenezwe nikiwa nimekaa hapa, naona kwa macho yangu, tangu chuma kinaingia motoni mpaka mpini. Kazi nyingine siijui, na visu vya dukani havikai kwenye huu mkono. Nyinyi mmeuharibu, nyinyi mtautafutia kisu chake. Kikikatika tena, nitasimama katikati ya soko niseme kwa ile sauti yangu mnayoijua."

Akavuta kigoda, akakaa. Kweli akakaa.

*

Mama Mipini aliolewa kwenye nyumba ile miaka kumi na moja nyuma. Mumewe, mtoto pekee wa mzee, hakutaka hata kusikia harufu ya mkaa. Alikuwa dereva wa lori, nyumbani anaingia mara mbili kwa mwezi, analala, anakula, anaondoka. Mama mkwe alikuwa bado hai wakati huo, na siku ya kwanza alimpa bibi harusi onyo moja tu: "Ukimkuta baba yako yuko motoni, usimpinge. Ngoja atoke ndiyo useme."

Alianza na mipini kwa sababu mipini ilikuwa imelundikana. Mzee alikuwa akiidharau, akichukua kijiti chochote na kukikomea misumari. Mama Mipini alikuwa amefanya kazi jikoni kwenye hoteli kabla ya kuolewa, alishika kisu saa nane kwa siku, na aliujua uchungu wa mpini mbaya. Akachonga mmoja, akaupiga msasa mpaka ukawa laini kama kiganja cha mtoto. Mteja wa kwanza aliushika, akaguna, akaushika tena. Baada ya mwaka mmoja watu walikuwa wanakuja kuulizia mipini kwanza, na chuma baadaye, na mzee akalikubali hilo kwa kulinyamazia.

Ilipopita miaka mingine akapewa kuvuta mvukuto unaopuliza moto wa tanuri. Hapo ndipo alipojifunza rangi. Chuma kinavyopata moto hubadilika kutoka weusi kwenda wekundu wa damu iliyoganda, kisha wekundu wa nyanya, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano. Kisu huzamishwa kwenye mafuta pale kinapoanza tu kuvuka wekundu wa nyanya. Kabla ya hapo kitabaki laini, makali yatalala. Baada ya hapo kitakuwa kigumu cha kijinga, kitavunjika. Nafasi kati ya haya mawili ni pumzi tatu au nne, na hakuna chombo kinachoipima pale karakanani isipokuwa jicho.

Mwaka uliopita alianza kuona mambo. Mzee akipapasa nyundo iliyo mbele yake. Mzee akimimina chai nje ya kikombe na kuulaumu mkono. Kwenye mboni ya jicho la kushoto palikuwa na ukungu mweupe, kisha na kwenye la kulia. Ikafika siku ile, miezi miwili iliyopita, kisu cha Mbavu kikiwa motoni. Kilikuwa cha manjano kama ndimu mbivu, na mzee anasema, "Bado. Vuta." Mkono wake ukavuta. Moyo ulipiga kelele na mkono ukavuta. Alijiambia yeye ni nani hata amfundishe mtu aliyefua chuma miaka arobaini. Kesho yake akakitia mpini, akakipaka mafuta, akamkabidhi Mbavu akitabasamu.

Sasa Mbavu alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwake, na bendeji ilikuwa na doa la kahawia.

*

"Nipe mkono," Mama Mipini alimwambia Mbavu asubuhi ya kwanza. "Ule mzima na huu mbovu, yote."

Alifinyanga donge la udongo mbichi, unene wa mpini, akamwekea kwenye kiganja cha kulia pale bendeji ilipoachia nafasi. "Kamata kama unakata nyama." Mbavu alikamata kwa kidole gumba na viwili vya mbele, akakunja uso. Viwili vya nyuma vilibaki vimenyooka kama vya mtu anayekunywa chai kwa maringo.

"Usicheke," alisema.

"Sijacheka, kaka."

"Cheka tu. Mke wangu amecheka, halafu akalia. Bora kucheka."

Mama Mipini aliliangalia lile donge muda mrefu. Alama za vidole zilimwambia kila kitu. Vidole viwili vya nyuma ndivyo vinavyobana mkia wa mpini usipige kichwa huku na huku. Kama havipo, kisu lazima kilale chenyewe mkononi: uzito wake uanguke pale kidole cha shahada kilipo, si mbele wala si nyuma. Mpini uwe mfupi, mnene mbele, na mkia wake ujikunje kidogo uegemee kiganja. Na kisigino cha kisu, pale makali yanapoanzia, kishuke chini kiwe ukuta mbele ya kidole, ili mkono ukiteleza ukutane na ukuta badala ya makali.

Alikata umbo hilo kwenye kipande cha katoni, akaliona baya, akakata lingine. La tatu alilipunguza urefu kwa upana wa vidole viwili. La tano aliliweka juu ya kidole chake, akaongezea sarafu upande mmoja mpaka likatulia, halianguki huku wala kule. Kisha akampelekea mzee.

Mzee alilipapasa. "Hiki nini?"

"Kisu chake, baba."

"Kisu cha bucha ni shubiri moja na nusu. Hiki ni cha kumenyea maembe."

"Mkono wake umebakiwa na vidole vitatu. Urefu ule utamzidi nguvu."

"Miaka arobaini natengeneza kisu kile kile. Hakuna aliyelalamika."

Maneno hayo yalining'inia hewani. Mbavu, kwenye kigoda chake, aliinua bendeji juu taratibu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kujibu swali.

Mzee hakuiona. Lakini alisikia ule ukimya, akaipokea katoni.

Siku ya pili walifua. Hapo mzee alikuwa mfalme bado, kwa sababu kufua kwa sehemu kubwa ni masikio na mikono. Nyundo ilipiga chuma, ikagusa fuawe mara moja kupumzika, ikapiga chuma. Kipande cha springi kilinyooka, kikajikunja kidogo kuelekea tumboni, kikanyooka tena. Ubapa ukawa mnene penye mpini na mwembamba kadiri ulivyoelekea kwenye ncha, na mzee akaupima kwa kubana kati ya vidole viwili kila ulipopoa. Msuka, ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini, aliuchonga uwe mwembamba mkiani ili usivute uzito nyuma. Mama Mipini alikilaza kisu juu ya kidole, kikainamia mbele. Tupa ikapita mgongoni, ikala chuma kidogo. Kikainamia mbele kidogo. Tupa tena. Ilipofika jioni kilikuwa kimetulia juu ya kidole chake kama ndege kwenye waya.

Mbavu aliomba akijaribu. Kilikuwa hakina makali wala mpini, chuma kitupu cheusi. Akakishika, akakipeleka hewani mbele na nyuma.

"Hm," alisema. Ilikuwa sauti yake ya kwanza isiyokuwa na hasira ndani yake, na Mama Mipini alitamani isingekuwa hivyo. Hasira alikuwa ameshaizoea.

*

Asubuhi ya siku ya tatu Mama Mipini alimwahi mzee kabla Mbavu hajafika. Mfukoni alikuwa na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio. Alikuwa amesikia kwa mafundi wa magari kwamba chuma kikifika moto unaotakiwa, sumaku huacha kukishika.

"Baba, nimewaza. Leo tukijaribu na hii—"

Mzee aliipokea, akaijua kwa mguso, uso ukambadilika. "Hii ya kutafutia sindano zilizopotea? Unataka Mbavu anione napima chuma kwa kidubwana cha redio?" Akaitupa. Iligonga ukuta, ikaanguka kwenye mkaa. Mama Mipini aliiokota, akairudisha mfukoni, akaenda kuwasha moto.

Alasiri walifunga mlango, wakatundika gunia dirishani. Rangi ya chuma husomeka gizani tu. Chumba kikabaki na jicho moja jekundu la tanuri, ndoo ya mafuta kando yake, na pumzi za watu watatu. Mbavu alikuwa amesogeza kigoda karibu kabisa.

"Vuta," mzee alisema.

Mama Mipini alivuta. Kisu kililala juu ya makaa, makali yakiangalia juu. Weusi. Wekundu wa damu iliyoganda, ukianzia kwenye ncha ambayo ni nyembamba. Mzee alikisogeza kwa koleo, akakirudisha. Wekundu ukatambaa kuelekea kisigino. Nyanya.

"Tayari, baba," alisema kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida.

"Bado."

Akavuta mara moja. Mara ya pili. Ncha ilianza kugeuka.

"Baba, ncha imekuwa ya chungwa."

"Nimesema bado. Vuta."

Kwa pembeni aliiona bendeji, nyeupe gizani. Akaachia mpini wa mvukuto. Mvukuto ukashusha pumzi ndefu, ukanyamaza.

"Sivuti."

Katika miaka kumi na moja neno hilo halikuwahi kusemwa chumbani mle. Mzee aligeuza uso kumtazama, akatazama pembeni yake kidogo, kwenye nguzo.

"Umesemaje?"

"Sivuti, baba. Kimepita. Ukikitia mafuta sasa, kitakuwa kama kile."

Makaa yalialika. Mshipa wa shingo ya mzee ulikuwa umesimama, na koleo lenye kisu cha moto lilikuwa mkononi mwake. Mama Mipini alijikaza asirudi nyuma.

"Rangi gani?" mzee aliuliza.

Alidhani ni kejeli.

"Nakuuliza, mwanangu. Rangi gani? Mimi sioni."

"Chungwa. Ncha inakwenda manjano."

Mzee alikitoa kisu, akakiegemeza kwenye tofali kipoe chenyewe. Alifanya hivyo kwa taratibu kubwa. Kisha akatafuta gunia la mkaa kwa mguu, akakaa juu yake.

Mbavu aliinama mbele kwenye kigoda. "Huoni?"

"Mwanga naona. Watu naona kama nguo zilizoanikwa. Rangi zimeniacha, mwaka wa pili sasa."

"Kwa hiyo kile changu..."

"Kile chako nilikiunguza. Chuma kilikuwa kizuri. Nilikudanganya."

Mbavu alimgeukia Mama Mipini. "Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema alikuwa sokoni. Mzee asingemsuta. "Nilikuwa hapa hapa, nimeshika huu mvukuto. Niliiona rangi, nikanyamaza."

Kigoda kilianguka. Mbavu alikuwa amesimama, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeokota nyundo kubwa ya mzee. Hakuna aliyesogea. Mama Mipini aliwaza kwa ujinga kabisa kwamba nyundo ile ni nzito, mkono wa kushoto hautaiweza. Mkono wa kushoto uliiweza. Ilipanda juu, ikashuka juu ya fuawe tupu kwa kishindo kilichotikisa mabati ya paa.

"Watu wazima wawili!" Sauti ya Mbavu ilirudi yote. "Watu wazima wawili mnaoneana haya, halafu mnaniachia mimi nije nijue kwa mkono wangu!"

Akaitupa nyundo chini, akaufungua mlango kwa teke, akaondoka. Mwanga wa mchana ulimwagika ndani, na kwenye mwanga huo kila kitu kilionekana kichafu: mafuta, masizi, uso wa mzee ulioloa.

Aliyezungumza ni mzee.

"Funga mlango."

"Baba, leo tuache."

"Funga mlango, mama. Chuma kile kimepoa sasa. Kikipoa chenyewe polepole hujirudi, zile chembe zake hulala. Tukikirudisha motoni vizuri hakuna kilichoharibika." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Na kile kidubwana cha redio, unacho?"

Alikuwa nacho. Mzee aliinuka, akapapasa mpaka akaupata mpini wa mvukuto. Koleo alimnyooshea Mama Mipini.

Hakuwahi kulishika likiwa na kazi. Lilikuwa zito kuliko alivyolidhani, au mkono wake ulikuwa mwepesi. Mzee alivuta sawasawa, bila haraka. Weusi, damu, nyanya. Alikigusisha kisu kwenye sumaku: kikanasa. Akakirudisha. Akagusisha tena: kikanasa, kwa uvivu. Akakirudisha.

"Usikodolee ncha," mzee alisema. "Ncha ni mbea, inasema kabla ya wakati. Angalia kisigino."

Aliangalia kisigino. Akagusisha mara ya tatu, na sumaku haikushika kitu, kana kwamba amegusa ubao.

"Hakishiki."

"Pumzi mbili, halafu mafuta. Wima, usikilaze."

Akahesabu pumzi mbili, akazamisha. Mafuta yalichemka, moshi ukampiga usoni, moto mdogo ukawaka juu na kuzimika. Mzee alikuwa amesimamisha kila kiungo, anasikiliza. Wote wawili walikuwa wanasikiliza ule mlio mdogo, ti, kama kucha kwenye glasi, ambao ukiusikia kazi imekwisha, kisu kimepasuka.

Hawakuusikia.

Alipokitoa alikiona kimepinda. Kidogo tu, kama ukurasa ulioshika unyevu, lakini kimepinda.

"Baba, kimepinda!"

"Upande gani? Sema!"

"Kushoto, katikati."

"Mbao mbili hapo ukutani. Kibane katikati, panda juu kwa magoti. Una muda wa kuhesabu ishirini, baada ya hapo kitavunjika ukikigusa. Haraka!"

Alikibana, akapanda kwa magoti yote mawili, na mzee akaja akaongezea uzito wake juu ya mabega yake, na hivyo wakakaa, mkwe na mkaza mwana, wamerundikana juu ya mbao mbili zinazofuka moshi, hakuna anayepumua. Alihesabu hadi arobaini kwa woga.

Kilikuwa kimenyooka. Alipitisha tupa kwenye makali. Tupa ikateleza kama juu ya kioo, ishara kwamba chuma kimekaza.

Kazi iliyobaki ilimchukua siku mbili, na aliifanya bila mtu kwenye kigoda. Aliulaza mgongo wa kisu juu ya bonge la chuma cha moto mpaka rangi ya majani makavu ilipopanda kutoka mgongoni ikafika kwenye makali, hapo ugumu ukapungua kidogo, kikaweza kustahimili kupindwa bila kukatika. Akakibana, akakipinda kwa mikono miwili akiwa amefumba macho. Kikarudi. Akachonga mpini kwa kufuata lile donge la udongo, akaupigilia misumari mitatu ya ribiti, ya shaba, akanoa.

*

Bucha ilikuwa na watu sita Mama Mipini alipofika na kisu. Mbavu alikuwa anakata kwa mkono wa kushoto, vipande vya segemnege, na mkewe, mwanamke mfupi mwenye ulimi mwepesi, alikuwa kwenye mizani akiwatuliza wateja.

"Hiyo nyama, dada, imekatwa na panya au?" mteja mmoja aliuliza.

"Panya wetu amefunzwa, anafuata mfupa," mke wa Mbavu alijibu. Kisha akamwona Mama Mipini, na kicheko kikamwisha usoni.

Mbavu aliendelea kukata. Mama Mipini alikiweka kisu juu ya meza, mpini ukimwelekea yeye, akasimama. Wateja walianza kutazamana. Angeweza kuondoka. Miguu ilitaka kuondoka.

"Aliyekitia mafuta ni nani?" Mbavu aliuliza bila kuinua macho.

"Mimi."

"Uliona?"

"Niliona."

Mbavu aliweka chini kisu cha dukani. Bendeji sasa ilikuwa ndogo, vidole vya mbele viko wazi. Alikishika kile kisu kipya, akakirekebisha mara mbili mkononi, akavuta goti la ng'ombe mbele yake. Mkewe alishika mdomo.

Mkato wa kwanza uliteleza. Mkono ulikwenda mbele, na mtu mmoja akapiga kite. Kidole cha shahada kiligonga kisigino cha kisu, kikasimama pale pale. Mbavu alikiangalia kidole chake, kizima. Paji la uso lilikuwa limejaa jasho. Akaingiza ncha kwenye kiungo, safari hii taratibu, akatafuta njia, akabana, akapinda. Kisu kilipinda pamoja naye na kurudi. Goti liliachana vipande viwili.

Hakusema asante. Alifuta kisu, akakitundika kwenye ndoano ya juu, akamwambia, "Mwambie mzee aende hospitali. Ule ugonjwa wa macho unatibika, shangazi yangu walimtoa ule ukungu. Asipokwenda nitakuja kumbeba mwenyewe, kwa huu mkono mmoja."

Mambo hayakurudi yalivyokuwa. Vidole viwili vya Mbavu havikukunjika tena, na kwa karibu mwaka mzima alikuwa akileta visu vyake vinolewe kwa kumtuma mkewe. Habari ya macho ya mzee ilienea sokoni bila mtu kusimama kuitangaza, na baadhi ya wateja walihama. Wengine walikuja kwa sababu hiyo hiyo, wakiuliza kwa aibu, "Anayeona moto sasa ni nani?" na Mama Mipini akajifunza kujibu bila kuinamisha uso.

Mzee alikataa hospitali miezi minne. Mwishowe alipelekwa na mwanawe kwa lori, akilalamika njia nzima. Walimtoa mtoto wa jicho upande wa kulia; la kushoto walisema limechelewa.

Siku ya kwanza aliporudi karakanani alisimama mlangoni, jicho linamtoka machozi kwa mwanga. Alizunguka, akachukua visu vilivyotundikwa, kimoja kimoja, akavisogeza karibu.

"Hiki mgongo mnene," alisema.

"Mwenyewe ametaka hivyo, baba."

"Mnene tu." Akakirudisha. Kisha akamtazama yeye, akamkazia jicho muda mrefu mpaka Mama Mipini akaona haya. "Kumbe una mvi."

"Ninazo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Mzee alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa habari ya msiba uliopita zamani. Akanyoosha mkono kuomba koleo. Mama Mipini alibaki nalo, akampa nyundo, na mzee akaenda nayo kusimama kwenye fuawe, kwa sababu kazi iliyokuwa motoni ilikuwa imeshaanza kuiva.